Neno la Kizingitini

Msumari aliporudi nyumbani alipita mlangoni bila kuambiwa apite. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, na lilikuwa dogo mno; ungemsimulia mtu angekuuliza kama una homa. Mbwa aliyepotea tangu mvua zilizopita amerudi mzima, nani ana muda wa kumpima adabu? Randa mwenyewe, aliyemtangulia akicheka na kulia kwa pamoja, aliliona, akasita kidogo mkono ungali kwenye komeo, kisha akajiambia kwamba shida humvua adabu binadamu, sembuse mbwa. Akafunga mlango nyuma yao.

Tusiharakishe kuingia. Hadithi hii yote iko kwenye kizingiti kile, basi na tusimame hapo kwanza.

Randa alikuwa seremala. Jina alilopewa na wazazi lilishafunikwa na maranda zamani. Watu walimwita kwa chombo chake cha kulainishia mbao, naye aliitika. Karakana yake ilikuwa uani, mkabala na mlango wa nyuma wa nyumba, na kutwa nzima maranda yaliruka, yakamwingia nyweleni, masikioni na kwenye mikunjo ya suruali. Mke wake alikuwa na vita moja tu hapa duniani, nayo ilikuwa dhidi ya maranda hayo. "Mimi niliolewa na mtu," alikuwa akisema, "sikuolewa na mbao." Akaweka sheria. Yeyote atokaye karakana asimame kwenye kizingiti, apanguswe kwa kitambaa kilichotundikwa pembeni ya mlango, kisha aambiwe, "Pita." Bila neno hilo havuki mtu. Randa, mzee mwenye mvi na wateja wanaomheshimu, alisimama pale kila jioni kama mwanafunzi aliyechelewa, akingoja. Na ukweli ni kwamba alipenda kungoja, kwa sababu neno lile lilimtoka mke wake na kicheko kidogo mbele yake.

Siku moja akaokota kitoto cha mbwa nyuma ya karakana, msumari umemzama mguuni. Randa aliung'oa kwa koleo, na mtoto akabaki na jina la maumivu yake. Mama wa nyumba akamfundisha sheria ileile, na Msumari akaishika haraka kuliko bwana wake. Alikuwa akikaa nje ya kizingiti, anainua mguu wa mbele wa kulia, ule wenye kovu uliomwachia kuchechemea kidogo, unapanguswa, kisha anatulia akimtazama mama usoni mpaka neno litoke. Mlango ungekuwa wazi, nyama ingekuwa inanukia ndani, asingeweka ukucha upande wa pili. Majirani walikuja kumjaribu kwa mifupa wakarudi na mifupa yao.

"Huyu mbwa ana adabu kuliko wanangu," alisema jirani mmoja.

"Walete," akajibu mama wa nyumba. "Niwakalishe kizingitini wiki moja tu, utawasahau."

Kisha akaanguka jikoni, sufuria mkononi. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Walimpakia nyuma ya gari la mwuza mbao, Randa amempakata kichwa, safari ya kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya vilima, katika mji ambao Randa hakuwahi kufika. Gari lilipoondoka, Msumari akalifuata. Alikimbia na mguu wake ule mbovu, hakubweka, alikimbia tu. Randa akamkemea, "Rudi nyumbani! Msumari, rudi!" lakini mbwa alikuwa anamtazama aliyelala, hakumtazama yeye. Walipovuka daraja vumbi likammeza. Randa hakugonga kibanda cha dereva ili asimame. Wewe ungegonga?

Mke alirudi. Mbwa hakurudi.

Daktari alisema ulimi unaweza kufunguka siku yoyote, au usifunguke. Zungumzeni naye, akasema, mwekeeni karibu vitu anavyovipenda. Randa akahamishia kitanda chumba cha nyuma, kinachotazamana na mlango wa uani, ili awe anamwona akifanya kazi. Lakini mke hakutazama karakana. Alitazama kizingiti. Mdogo wake, aliyekuja kila asubuhi kumwogesha na kumlisha uji, ndiye aliyelisema.

"Shemeji, mimi nakwambia. Dada anamngoja mbwa wake. Siku Msumari akirudi, huu ulimi utafunguka wenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Hajaniambia mtu. Angalia macho yake."

Tangu hapo Randa hakuwa na jambo jingine. Kuisikia tena sauti ile hata mara moja, hata ikimtukana, hicho ndicho kilichobaki kumtia ari ya kuamka asubuhi. Siku za mwanzo alipotoka karakana bado alisimama kizingitini, akajipangusa, akangoja kidogo. Kimya. Mke anamtazama, midomo inatetemeka, hakitoki kitu, na machozi yanamjaa. Randa akaona anamtesa bure. Akaacha kusimama. Akawa anajipitisha mwenyewe, na maranda yakaingia nyumbani bila mtu wa kuyapiga vita.

Alimtafuta Msumari barabara yote ile mpaka darajani na mbele ya daraja. Alibandika matangazo, akauliza wachunga mbuzi na wauza mkaa. Mfa maji haachi kutapatapa: wapakiaji mbao walipomwambia wamesikia mbwa akilia kwenye kiwanda cha zamani cha kupasulia magogo, hakuuliza mara mbili. Kiwanda kile kilikuwa kimefungwa kabla Randa hajajua kushika nyundo. Watu hawakupita pale jua likiwa utosini, na wakipita hawakuitana majina. Randa alilijua hilo. Alikwenda jua likiwa utosini, akasimama katikati ya misumeno iliyoliwa na kutu, akaita kwa sauti yake yote.

"Msumari! Msumari, twende nyumbani!"

Mwangwi ulimrudia. Ulichelewa kidogo kuliko inavyofaa, na ulitokea karibu kuliko inavyofaa, lakini Randa hakuwa na masikio ya hayo, kwa sababu kutoka kwenye lundo la vumbi jeusi la mbao mbwa alikuwa amesimama, anajinyoosha. Manyoya yaleyale ya rangi ya mchanga. Sikio lilelile lililokunjika. Hakuwa na mwiba hata mmoja mwilini, wala kupe, wala mkanda wa ngozi wenye kishikizo cha mti alichomchongea. Na alikuja akitembea sawasawa, miguu yote minne.

"Umepona mguu!" Randa akasema, akapiga magoti akamkumbatia. Mwili ulikuwa na baridi. Jua lile!

Basi ndivyo alivyofika nyumbani, na ndivyo alivyopita bila kuambiwa. Mama kitandani alipomwona, macho yakamtoka. Midomo ikahangaika, ikahangaika, machozi yakaanza kumtiririka. Kisha akashika ubao wa kitanda kwa ule mkono wake mzima, akajivuta polepole, akageuzia uso ukutani.

Shemeji yake, yule mdogo wa mke, akapiga vigelegele. "Umeona? Analia! Nilikwambia!"

Randa naye alilia. Siku hiyo nyumba nzima ililia, na mmoja tu ndiye aliyejua analilia nini.

*

Kilichofuata kilikuja kidogokidogo. Kwanza ilikuwa kucha. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya saruji, na zamani ulimjua Msumari alipo kwa mlio wa kucha zake, tik, tik, tik, na pengo dogo la ule mguu wenye kovu. Sasa ungeinua macho ukamkuta mbwa yuko jikoni, ukafumba na kufumbua yuko chumbani, na katikati hapakuwa na mlio wowote. Kisha maji. Bakuli lake lilijazwa Jumatatu, likawa limejaa Alhamisi, utando wa vumbi juu. Nyama aliyowekewa ilikauka ikawa nyeusi, na katika nyumba ambayo ukidondosha punje ya sukari unaitishia mkutano wa sisimizi, hakuna sisimizi hata mmoja aliyeisogelea.

Halafu harufu. Haikuwa harufu ya mbwa. Ilikuwa ya majivu yaliyomwagiwa maji, kana kwamba mtu amezima jiko sasa hivi chumba cha pili. Shemeji alifua mashuka, akafua pazia, akapiga deki. Harufu ikabaki, na ilikuwa kali zaidi kando ya kitanda, kwa sababu hapo ndipo mbwa alipokaa. Hakulala. Alikaa, kutwa, pua yake kiganja kimoja kutoka kwenye uso wa mgonjwa, na mgonjwa akazidi kukonda, akawa anafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayejifanya kalala.

"Shemeji," mdogo wake alinong'ona asubuhi moja, amemshika Randa mkono akamtoa mpaka uani. "Huyu mbwa hapepesi."

"Hapepesi nini?"

"Macho. Nimekaa naye tangu nilipokuja. Namlisha dada uji, naye ananitazama. Hajapepesa hata mara moja."

"Mbwa amechoka. Ametoka mbali."

"Amechoka na halali?" Akatazama nyuma, akashusha sauti zaidi. "Na dada akijaribu kutoa sauti, ile aa, aa yake, mbwa anamsogelea mdomoni. Anasogea kabisa, shemeji. Kama anainywa."

Randa alimkatiza. Alimwambia kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa binti yule kwamba kama amechoka kuuguza aseme, asisingizie mbwa. Shemeji akajifuta macho kwa kanga yake, akarudi ndani. Randa naye akarudi kwenye mbao zake, akalainisha tena palepale palipokwisha kulainika, kwa sababu yale yote alikuwa ameyaona.

Siku ilipofika ilikuwa mchana mweupe. Kuku walikuwa wamejibanza kivulini, shemeji ameshaondoka, na Randa alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti aliposikia sauti ya mke wake. Haukuwa ule mguno wa kukwama kooni. Ilikuwa sauti yake kamili, na kile kicheko kidogo mbele yake.

"Randa. Umejaa maranda wewe. Njoo nikupanguse."

Msasa ulimdondoka. Alikimbia, akajikwaa kwenye kizingiti akajigonga goti wala hakulisikia, akaingia chumbani na jina la mke wake mdomoni na shukrani zote za maisha yake zikimsubiri kooni, akamkuta amelala chali, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe, machozi yanamshukia masikioni, mkono wake mzima umelikamata shuka kama mtu anayening'inia, na kando yake yule mbwa ameweka miguu ya mbele juu ya godoro, kinywa wazi, hahemi, ulimi umetulia tuli kama kipande cha nyama buchani, na kutoka ndani ya koo lile, bila midomo kusogea, bila shingo kusogea, sauti ya mke wake ikasema tena, taratibu, kwa mapenzi:

"Mbona umesimama mlangoni? Pita."

*

Mganga wao alikuwa fundi redio. Mbele alitengeneza redio, nyuma alitengeneza mengine, na watu walisema kazi ni moja, kusikiliza kisichosikika. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, naye alikuja na redio kuukuu aliyoiweka dirishani bila kuitafutia kituo. Ikatoa mvumo mtupu, kama mvua ya mbali. Mbwa akageuza kichwa kuitazama. Ndani ya mvumo, mbali sana, mwanamke alikuwa akilia, na shemeji akaziba masikio kwa sababu aliijua sauti ya dada yake.

"Uliiita mwenyewe?" Fundi Redio akauliza kwa mnong'ono.

"Nilimwita mbwa wangu."

"Wapi?"

Randa akamwambia. Fundi Redio akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Uliita jina mahali pasipo na mwenye jina. Ukasema twende nyumbani. Sasa unalalamika nini? Wewe ungealikwa, ungekataa?" Kisha akaona uso wa mzee yule, akalainika. "Aliyeikaribisha ndiye wa kuitoa. Fungua mlango wa uani wote. Mwambie atoke. Usimwangalie machoni."

Randa alifungua. Alisimama kando, akatazama sakafu, akasema, "Toka." Akarudia. "Toka, Msumari. Toka nyumbani kwangu."

Mbwa akanyanyuka. Akatikisa mkia. Akalia ule mlio mwembamba wa Msumari, aliokuwa akiulia kila walipomkata kucha, na alipoanza kutembea kuelekea mlangoni alichechemea. Kwa mara ya kwanza tangu arudi alichechemea, mguu wa kulia wa mbele, hatua baada ya hatua, akimpitia Randa gotini. Randa aliuma mkono wake mwenyewe asimwite. Kilipovuka kizingiti redio ikanyamaza, na uani hapakuwa na mbwa wala nyayo.

"Itarudi," alisema Fundi Redio akikunja waya wa redio yake. "Imetoka kwa neno, itarudi kutafuta neno. Mlango usiufunge, ukiufunga itabisha mpaka uchoke uijibu. Uache wazi, ukae, unyamaze. Ni hivi: mnyama wa damu na njaa yake akiona mlango wazi anaingia, haulizi. Jini haingii penye watu bila kukaribishwa. Kitakachokaa nje ya kizingiti kikikutazama, kikingoja, ndicho hicho. Usikiambie kitu."

"Na mke wangu?"

"Sauti yake imeshavaliwa. Kile kikiwa mlangoni, ukisikia neno linataka kumtoka, lizibe. Si yeye."

Hapo ndipo pa kulia, kama unatafuta pa kulia. Randa hakumwambia fundi yule habari za kitambaa na kizingiti. Hakuzificha. Zilikuwa mambo ya nyumbani tu, kama upande wa kitanda ambao mtu hulala. Nani humsimulia mganga upande anaolala? Na kwa miezi mingi hakuna aliyengoja neno katika nyumba ile. Mbwa wa mwisho aliyemwona alikuwa akipita tu, naye mwenyewe alikuwa akipita tu, na mtu huzoea.

*

Zikapita siku za amani. Harufu iliisha. Mama alikula uji bakuli zima, na jioni moja alimshika Randa mkono kwa ule mkono mzima, akaubana. Randa akathubutu kutumaini.

Kisha mvua kubwa ikaja wakati wa magharibi, na pamoja nayo kikaja kilichokaa mlangoni.

Randa alikuwa kando ya kitanda. Mwanga wa taa ulifika mpaka kizingitini na kuishia hapo. Nje ya mwanga kulikuwa na mbwa. Alikuwa mwembamba kuliko mbwa yeyote aliyewahi kumwona, mbavu zinahesabika, manyoya yamegandamana kwa matope yakawa hayana rangi, na alikuwa amekaa kwenye mvua, nje kabisa ya mbao ya kizingiti, anatazama ndani. Mlango ulikuwa wazi. Jikoni kulikuwa na chakula. Hakuingia.

Randa alikisogeza kiti chake karibu zaidi na kitanda. Kila neno la fundi lilikuwa limekaa mbele yake lina miguu minne.

Mbwa akainua mguu wa mbele wa kulia, akaushikilia hewani.

Kinaniita, akawaza Randa, kinanipungia mkono. Kitanda kikatikisika. Mke wake alikuwa amemwona. Alikuwa anaupiga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, macho yamemtoka, hakuyafumba kama siku zile bali ameyafungua yote, na kifua kinapanda na kushuka, na Randa akamkumbatia akimnong'oneza, usiogope, mama, usiogope, nipo, hakiingii, na mke akamsukuma, yeye asiyeweza kugeuka bila kusaidiwa akamsukuma, akajiinua kidogo kuelekea mlangoni, na kooni kwake kitu kikaanza kusogea, si aa, si ule mguno, bali midomo ikikutana, ikijikusanya, na pumzi ikisukuma nyuma yake, "P... p... pi..."

Randa akamziba mdomo.

Alimziba kwa kiganja chote, kiganja cha seremala, kigumu, chenye harufu ya gundi. "Najua si wewe," akasema huku analia. "Najua si wewe, mama. Nyamaza. Nisamehe, nyamaza." Chini ya kiganja midomo ilijikusanya, ikaachia. Ikajikusanya tena, ikaachia. Alihisi machozi yake ya moto yakimlowesha vidole. Mlangoni mbwa alilia mara moja, mlio mwembamba, akanyamaza kama aliyekumbuka adabu. Mguu bado ameuinua. Mvua ikaongezeka, na kila radi ilipomulika alikuwa palepale akingoja, na kila radi ilipomulika mguu ulikuwa umeshuka kidogo, umeshuka kidogo, mpaka midomo chini ya kiganja ikaacha kusogea, na Randa akamshukuru Mungu.

*

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Randa aliamka amekaa, shingo inamuuma. Mke alikuwa macho, anatazama dari. Mlangoni kulikuwa na kitu cha rangi ya mchanga, kimeoshwa na mvua usiku kucha, kimelala.

Kwanza aliona sisimizi. Walikuwa wameshafika, mstari mzima, wamepanda kwenye kizingiti na kushuka upande wa pili. Alisimama akiwatazama, akaikumbuka ile nyama ambayo sisimizi hawakuisogelea.

Akapiga magoti. Shingoni kulikuwa na mkanda wa ngozi uliooza, na kwenye mkanda kishikizo cha mti chenye alama ya patasi yake mwenyewe. Nyayo za miguu yote minne zilikuwa zimesagika mpaka nyama. Sikio lililokunjika lilikuwa limechanika. Mguu wa mbele wa kulia, chini ya tope, ulikuwa na kovu la msumari, na ulikuwa umelazwa juu ya ukingo wa nje wa kizingiti, tayari kupanguswa. Pua ilikuwa imegusa mbao. Haikuvuka. Alikuwa ametoka ng'ambo ya vilima, amevuka mto, amepita miji ambayo hakuna mtu aliyemjua jina, na alipofika nyumbani akakuta mlango wazi, akakaa nje kwenye mvua, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa, na walikuwa wote wawili ndani wakimtazama, na hakuna aliyemwambia.

Hakuna? Mmoja alikuwa akimwambia. Randa akakitazama kiganja chake.

Hakulia kwa sauti. Alinyanyuka, akatungua kile kitambaa pembeni ya mlango, kigumu kwa vumbi la siku nyingi, akakilowesha kwenye dimbwi la mvua. Akampangusa Msumari. Mguu wa kulia kwanza, kama alivyopenda, kisha wa kushoto, kisha ya nyuma, akaondoa matope katikati ya vidole taratibu asimuumize. Alimpangusa mpaka kitambaa kikatoka na damu tu. Kisha akakiinua kile kichwa kwa mikono miwili, na neno ambalo halikuwa limesemwa na kinywa cha binadamu nyumbani humo tangu siku ya sufuria likamtoka kabla hajafikiri, likamtoka na kilio chote alichokuwa nacho.

"Pita," akasema. "Pita, mwanangu. Pita ndani, umefika."

Mbwa mikononi mwake hakusogea.

Upepo haukuwepo, lakini kitambaa kikapepea. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikampitia Randa kando ya goti, ya baridi, bila haraka, ikaelekea ndani. Akatega sikio. Sakafuni hapakulia ukucha hata mmoja.

Akageuka. Mke wake hakuwa anatazama dari tena. Alikuwa anatazama chini, kando ya kitanda, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akaushika ubao kwa ule mkono wake mzima, akajivuta polepole, akageuzia uso ukutani.